UTUNZAJI WA BETRI YA SIMU JANJA KATIKA SHUGHULI ZA CHAMA

(Mazungumzo yaliyoandikwa ili yasomwe katika mikutano ya vyama wanachama. Makatibu wanaombwa wayasome polepole na kuacha nafasi ya maswali baada ya kila sehemu.)



Zamani vyombo vya kazi vya chama cha msingi vilikuwa vinne: mizani, daftari, kitabu cha stakabadhi na sanduku la fedha. Katibu aliyejua kuvitunza vyombo hivyo vinne alihesabiwa kuwa katibu hodari. Siku hizi kimeongezeka chombo cha tano, nacho ni simu janja. Kwa simu hiyo katibu hupeleka taarifa za uzito kwa chama kikuu, hupokea habari za bei, hupiga picha hati za ghala, na huingiza taarifa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Katika msimu wa 2024/2025 korosho za Tanzania ziliuzwa kwa minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa. Mkulima naye hupata malipo yake katika laini ya simu, ama hupata ujumbe wa benki unaomwarifu kwamba fedha zimeingia.

Mizani ikiharibika kila mtu huiona na kupiga kelele. Betri ya simu huharibika kimya kimya, na mara nyingi hasara yake huonekana siku ile ile ambayo chama hakiwezi kungoja. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza betri hiyo ni kitu gani, huzeeshwa na nini, na chama kifanye nini ili idumu.

HASARA YA SIMU ILIYOZIMIKA

Yafaa kwanza kupima uzito wa jambo lenyewe, maana wapo watakaosema kuwa habari za simu ni mambo madogo ya vijana.

Simu ya katibu ikizimika saa nane mchana wa siku ya ununuzi, uzito wa mazao huandikwa katika vipande vya karatasi ili uingizwe baadaye. Karatasi hizo huloa, hupotea, au husomwa vibaya usiku kwa mwanga wa taa. Saba ikawa moja, na kilo 71 zikawa kilo 11. Baada ya wiki mbili mkulima analalamika, katibu anajitetea, na ugomvi ulioanza na betri unaingia katika mkutano mkuu kwa jina la wizi. Chama kinaweza kupoteza imani ya wanachama wake pasipo mtu yeyote kuiba hata kilo moja.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Mkulima ambaye simu yake imezimika siku ya malipo huitoa laini yake na kuitia katika simu ya mtu mwingine. Na kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, au kwa kuwa ana haraka, humtajia mtu huyo namba yake ya siri. Jasho la msimu mzima linakuwa mikononi mwa mtu aliyekutana naye sokoni.

Hasara ya tatu ni ya mfuko. Simu iliyochoka betri hudhaniwa kuwa imekufa, ikatupwa, ikanunuliwa nyingine. Aghalabu simu hiyo ilikuwa nzima, na ilihitaji betri mpya tu; tena betri ile ya kwanza ingedumu zaidi kama ingalitunzwa.

BETRI NI KITU GANI?

Betri za simu janja ni za lithiamu. Zilianza kuuzwa madukani mwaka 1991, na kampuni ya kwanza kuziuza ilikuwa Sony ya Japani. Mwaka 2019 wataalamu watatu, yaani John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya kuzibuni.

Ndani ya betri mna pande mbili. Upande mmoja umetengenezwa kwa kinywe, madini ya jamii ile ile inayopatikana Mahenge na Ruangwa. Upande wa pili mara nyingi una kobalti. Katikati pana utando mwembamba uliolowa maji ya kemikali. Simu inapochajiwa, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande wa kobalti na kujipanga ndani ya kinywe. Simu inapotumika, chembe hizo hurudi zilikotoka, na safari hiyo ndiyo inayotoa umeme.

Mtu anaweza kuifananisha betri na ghala lenye milango miwili. Magunia yanaingia na kutoka kila siku. Kila safari gunia moja hupasuka kidogo, na punje chache humwagika zisiweze kuokotwa tena. Ndivyo betri inavyozeeka: kila mara sehemu ndogo ya lithiamu hunasa na kuacha kusafiri. Hapana betri isiyozeeka. Kazi ya mtunzaji ni kupunguza punje zinazomwagika.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa pande za Kolwezi na Likasi, ambako wachimbaji wengi huzungumza Kiswahili, na baadhi yao huchimba kwa mikono na sururu. Kutupa betri kabla ya wakati wake ni kutupa pia jasho la watu hao.

MAMBO YANAYOZEESHA BETRI

Adui wa kwanza ni joto. Watengenezaji wa simu hushauri kwamba simu itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Juu ya hapo kemikali za ndani huharibika upesi. Vipimo vinavyotumiwa sana na wataalamu vinaonyesha kwamba betri iliyohifadhiwa mwaka mmodi mahali penye nyuzi 25, ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na kama asilimia 96 ya uwezo wake. Betri kama hiyo ikihifadhiwa mwaka mmoja penye nyuzi 40, ikiwa imejaa kabisa, hubaki na kama asilimia 65 tu. Theluthi nzima ya uwezo imekwenda bila simu kutumika.

Katika vyama vya msingi joto lina makao yake yanayojulikana. Simu huachwa mbele ya kioo cha lori. Huwekwa juu ya magunia juani wakati wa kupima. Huchajiwa dirishani mwa ghala la mabati saa saba mchana. Na kosa lililo kubwa kuliko yote, simu hulazwa juu ya paneli ya sola yenyewe ikiwa inachajiwa, ikapigwa na jua kwa juu na joto la paneli kwa chini. Waya ni mrefu. Simu ikae kivulini, na paneli peke yake ikae juani. Simu iliyopata moto iachwe ipoe taratibu kivulini. Isitiwe katika jokofu, maana unyevu utaingia ndani.

Adui wa pili ni kuiacha betri imejaa kabisa au tupu kabisa kwa muda mrefu. Betri hupumua vizuri zaidi ikiwa katikati. Kwa kazi za kila siku yafaa ichajiwe ikifika asilimia 20 au 30, na iondolewe ikifika 80 au 90. Siku ya ununuzi ijazwe mpaka 100, maana siku hiyo chaji ni bora kuliko umri. Kinachodhuru ni mazoea ya kuilaza simu kwenye umeme usiku kucha, kila usiku, hasa ikiwa chini ya mto. Simu nyingi za sasa zina mpango wa kujizuia zisipite asilimia 80, au wa kungoja alfajiri ndipo zimalizie kujaa. Katibu autafute mpango huo katika sehemu ya betri kwenye mipangilio ya simu yake.

Adui wa tatu ni idadi ya mizunguko. Mzunguko mmoja ni matumizi ya asilimia 100, hata kama yamekusanywa kwa siku mbili au tatu. Mtu anayetumia asilimia 50 leo na 50 kesho amemaliza mzunguko mmoja. Tangu tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unataka betri ya simu inayoingizwa katika masoko yake iwe na asilimia 80 ya uwezo wake hata baada ya mizunguko 800. Basi na tuseme chama kina simu ya kiwango hicho. Ikimaliza mzunguko mmoja kila siku, mizunguko 800 itakwisha kwa miaka miwili na miezi miwili hivi. Ikitumia asilimia 60 tu kwa siku, itafika miaka mitatu na nusu na zaidi. Kila chaji inayookolewa leo ni siku inayoongezwa mbele.

IMANI ZILIZOPITWA NA WAKATI

Wazee wa simu husema kwamba betri lazima iachwe iishe kabisa ndipo ichajiwe, na kwamba simu mpya ichajiwe saa nyingi kabla ya kuwashwa. Maneno hayo hayakuzuka bure. Betri za nikeli na kadimi zilizotumika zamani zilikuwa na tabia ya kupoteza uwezo zikichajiwa nusu nusu. Betri ya lithiamu haina tabia hiyo. Kuichaji kidogo kidogo hakuidhuru, na kuimaliza kila mara huichosha.

Wengine hufunga programu zote kila baada ya dakika chache wakidhani wanaokoa chaji. Simu huzilaza yenyewe programu zisizotumika, na kuifungua upya programu iliyofungwa hula umeme zaidi kuliko kuiacha imelala. Inayostahili kufungwa ni ile tu iliyokwama.

MATUMIZI YA KILA SIKU

Kitu kinachokula chaji nyingi kuliko vingi vingine ni kioo. Mwanga upunguzwe kwa kadiri macho yanavyoruhusu, na kioo kipangwe kijizime baada ya nusu dakika. Juani kioo hakisomeki mpaka mwanga uongezwe hadi mwisho. Kwa hiyo meza ya karani wa mizani ikiwekwa chini ya mwembe, faida ni mbili: joto limepungua na mwanga umepungua. Rangi nyeusi ya kioo huokoa umeme katika simu ambazo kila nukta ya kioo hujiwakia yenyewe. Katika simu za bei nafuu ambazo kioo chake huwashwa taa kwa nyuma, rangi hiyo haisaidii kitu.

Kitu cha pili ni mtandao dhaifu, na hapa vyama vya vijijini huumia kuliko vya mjini. Simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Huongeza nguvu zake ili isikike, na ikiukosa mnara huutafuta tena na tena. Ndiyo sababu simu iliyokaa mfukoni mchana kutwa bila kuguswa hukutwa imekwisha chaji jioni. Katika kijiji chenye mtandao hafifu, katibu aingize uzito wa mazao simu ikiwa katika hali ya ndege, ikiwa programu inaruhusu kuandika bila mtandao, kisha apande mahali penye mtandao na kupeleka taarifa zote kwa mara moja. Laini ya pili isiyotumika izimwe. Lakini mwanachama anayengojea ujumbe wa malipo asiiweke simu yake katika hali ya ndege, maana ujumbe hautaingia.

Kitu cha tatu ni kazi zinazofanyika bila mwenyewe kujua. Picha na video za makundi ya WhatsApp hujipakua zenyewe, zikala bando na chaji pamoja. Programu nyingi huuliza mahali simu ilipo kila wakati. Katika mipangilio ya betri imo orodha inayoonyesha kila programu imekula asilimia ngapi. Katibu aisome orodha hiyo mara moja kwa wiki kama anavyosoma daftari la matumizi, na kila mlaji asiye na kazi katika chama azuiwe. Hali ya kuokoa chaji, ambayo imo katika simu karibu zote, iwashwe asubuhi ya ununuzi, isingojewe mpaka asilimia 15 za jioni.

CHAJA, SOLA NA PAWABENKI

Chaja iwe ile iliyokuja na simu au nyingine ya kuaminika yenye kiwango sawa. Chaja bandia hutoa umeme usiotulia, na baadhi hazina kinga baina ya umeme wa ukutani na mkono wa mtu. Chaja inayopata moto mpaka haishikiki, au inayotoa harufu, itupwe bila huruma. Kuchaji kwa kasi kunafaa wakati wa haraka, lakini huongeza joto. Usiku ambapo hakuna haraka, chaja ya polepole ndiyo rafiki wa betri.

Wengi hulaumu pawabenki kuwa zinadanganya. Zipo za uongo kweli, lakini hata iliyo ya kweli haitoi yote iliyoandikwa. Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili. Umeme wake lazima upandishwe kutoka volti 3.7 hadi volti 5, kisha ushushwe tena ndani ya simu, na kila badiliko lina upotevu wake. Ikiijaza simu hiyo mara moja na kitu kidogo zaidi, imetimiza wajibu wake.

BETRI ILIYOCHOKA NA BETRI YA HATARI

Betri iliyochoka hujulikana: inaonyesha asilimia 30, mara simu inazimika. Ibadilishwe na fundi anayejulikana, kwa betri ya aina ya simu hiyo hiyo.

Betri iliyovimba ni jambo jingine. Kioo kikiinuka au mgongo wa simu ukitokeza, ndani mmejaa gesi. Simu hiyo isichajiwe tena, isibonyezwe, wala isitobolewe ili itoe hewa. Ikitobolewa yaweza kulipuka moto. Izimwe, iwekwe nje mahali pasipo kitu cha kuungua, mbali na ghala, kisha ipelekwe kwa fundi. Pamba na magunia havipaswi kukaa chumba kimoja na betri iliyovimba hata usiku mmoja. Isitupwe shimoni wala jalalani pamoja na takataka zinazochomwa.

SIMU YA MSIMU

Vyama vingi hununua mazao kwa miezi michache tu. Msimu ukiisha, simu ya chama hufungiwa kabatini. Ikifungiwa tupu, betri huendelea kushuka taratibu mpaka inafika mahali isipokubali tena kuchajiwa. Msimu mpya ukifunguliwa, chama kinaanza kwa kununua simu. Ikifungiwa imejaa, huzeeka kabatini. Njia iliyo sahihi ni kuichaji mpaka nusu, kuizima kabisa, na kuiweka mahali pakavu pasipo joto. Baada ya miezi sita itolewe, ichajiwe tena mpaka nusu, na irudishwe. Tarehe ya kufanya hivyo iandikwe katika daftari la mali za chama pamoja na tarehe ya kukagua mizani.

KAZI YA CHAMA

Mpaka hapa yamesemwa ya mtu mmoja mmoja. Lakini ushirika ulianzishwa ili watu wafanye pamoja yale yanayomshinda mtu mmoja, na kuchaji simu ni mojawapo.

Betri ya miliampea-saa 5,000 hubeba umeme wa wati-saa 19 hivi. Ukiongeza upotevu wa chaja na joto, huvuta kama wati-saa 25 kutoka ukutani. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo uniti moja yaweza kujaza simu 40. Mwanachama aangalie bei ya uniti katika risiti yake ya luku, aigawe kwa 40, kisha alinganishe na fedha anazolipa kuchaji simu moja sokoni. Mwenye kibanda ana haki ya kulipwa kwa uangalizi wake na pango lake. Lakini chama chenye umeme ofisini chaweza kufanya kazi hiyo kwa wanachama wake kwa gharama ndogo sana siku za ununuzi na malipo. Chama kisicho na umeme chaweza kutumia sola. Paneli ya wati 50, ikipata jua zuri la saa tano, hutoa kama wati-saa 250. Ukiondoa upotevu, zinatosha simu sita hadi nane kwa siku. Ni kidogo, lakini zinatosha simu ya katibu, ya karani wa mizani, na za wanachama kadhaa waliotoka mbali.

Huduma hiyo iwe na utaratibu. Kila simu ipewe kipande cha namba, na mwenyewe apewe kipande cha pili, kama inavyofanywa kwa magunia. Simu ikae imefungwa kwa namba ya mwenyewe. Laini isitolewe. Mtumishi wa chama asimwulize mwanachama namba yake ya siri, wala asikubali kutajiwa hata akiombwa. Meza iwe kivulini, penye hewa, mbali na mazao. Gharama na wajibu wa simu ikipotea viamuliwe na mkutano wa wanachama kabla ya kuanza, wala visiachwe kwa hiari ya katibu.

Bodi za vyama zinaombwa zilijadili jambo hili kabla ya msimu kufunguliwa, na mambo manne yaandikwe katika muhtasari: nani mtunzaji wa simu ya chama, itachajiwa wapi na saa ngapi, simu ya akiba au pawabenki itakuwa kwa nani siku ya ununuzi, na wanachama watachaji wapi siku ya malipo. Daftari la karatasi lisiachwe hata hivyo; likae mezani, liandikwe kwa wino, na mkulima atie sahihi au dole gumba palepale, ili chombo cha tano kikizimika, vile vinne vya zamani viendelee na kazi.